Tahadhari ya upepo ni tahadhari ya moto

Mwananchi wa Unguja au Pemba akisikia redioni kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, hahitaji kuelezwa la kufanya. Hukunja tanga, huvuta chombo chake ufukweni na kungoja. Ameyarithi hayo kwa babu zake.

Lakini kusi haikomi pwani. Huingia bara, huacha unyevu wake juu ya milima ya Nguru na Ukaguru, na ikifika Mlali, wilayani Kongwa katika Mkoa wa Dodoma, imekwisha kuwa kavu. Huko mvua ni za msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Ifikapo Agosti majani yamekauka kabisa, na tangu hapo hadi mvua zirudi, cheche moja yatosha kuteketeza malisho ya kijiji kizima. Hata hivyo, mkulima wa Mlali akisikia habari ya upepo mkali hudhani ni habari ya wavuvi. Hapo ndipo penye kasoro, na kasoro hiyo si yake peke yake.

Moto wa nyika haujiwashi. Huwashwa na msafisha shamba, mrina asali, mchoma mkaa, au mchungaji anayetaka majani mabichi yachipue. Oktoba 2020 moto ulizuka katika Mlima Kilimanjaro. Maelezo ya Hifadhi za Taifa wakati ule yalikuwa kwamba wapagazi walikuwa wakipasha chakula. Upepo na ukame vikamaliza kazi, na mamia ya watu wakahangaika siku nyingi kuuzima.

Dodoma inayafahamu madhara ya ardhi iliyoachwa uchi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu makorongo yalikuwa yakimeza mashamba. Majani yakiungua Oktoba, ng'ombe hukosa malisho, na mvua ya kwanza huukuta udongo hauna kinga, ikauchukua.

Yafaa basi kila mkazi azingatie haya. Siku ya tahadhari ya upepo, asichome shamba wala pori kwa sababu yoyote. Siku nyingine, anayelazimika kuchoma mabaki ya shamba awaarifu kwanza jirani zake na uongozi wa kijiji, alime mkanda wa ardhi tupu kulizunguka shamba, angoje upepo utulie, wala asiondoke kabla ya kuyazima makaa kwa maji na udongo. Moto ukimshinda, apige yowe na kuwaita Zimamoto kwa namba 114. Watoto, wazee na wagonjwa waondolewe kwanza, kisha mifugo. Asikimbilie kilimani, maana moto hupanda mteremko kwa kasi kuliko unavyoushuka. Apite ubavuni mwake, aelekee mahali palipolimwa au palipokwisha kuungua.

Kwa viongozi tuna neno moja. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekwisha kuweka masharti juu ya uchomaji. Kinachopungua ni taarifa kumfikia mtu kabla hajawasha kibiriti. Tahadhari ya upepo isiishie kwa mabaharia. Ikifika wilayani, ipelekwe vijijini siku hiyo hiyo, isomwe shuleni, misikitini, makanisani na mnadani, na iutaje moto kwa jina lake. Mbiu ya mgambo ikilia, wananchi wajue kuna jambo, na wajue ni jambo gani.

Ndugu zetu wa visiwani nao wasijione wako mbali. Anayefyeka na kuchoma maweni wakati wa kusi, hali chombo chake amekivuta ufukweni kwa hofu ya upepo huo huo, anaogopa nusu tu ya hatari.

Baharia husoma upepo kabla ya kutweka tanga. Mkulima wa Mlali naye ausome kabla ya kuwasha moto, na Serikali imfikishie habari yake mapema.