Fahamu: Askari akimfichua askari, nani anawajibika?

Mtoa taarifa ni mtu anayefichua uhalifu au uvunjaji wa taratibu kwa maslahi ya umma. Anaweza kuwa raia, au askari polisi anayewataja wenzake.

Sheria inasemaje?

Mwaka 2015 Bunge la Tanzania lilipitisha mjini Dodoma sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Anayetoa taarifa kwa nia njema, akiamini ni ya kweli, hapaswi kulipiziwa kisasi, mfano kufukuzwa kazi au kuhamishwa bila ridhaa yake. Taarifa hupelekwa kwa mamlaka husika. Kuibandika mtandaoni ni jambo jingine.

Ugumu uko wapi?

Jeshi la Polisi huendeshwa kwa amri na vyeo. Anayelalamikiwa huenda ndiye anayepanga zamu na uhamisho, na uhamisho wa kawaida si rahisi kuutofautisha na adhabu. Ndiyo maana milango ya nje ina uzito: TAKUKURU kwa rushwa, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Wanasiasa je?

Rais humteua Inspekta Jenerali. Waziri wa Mambo ya Ndani hujibu bungeni. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa miaka ya 1970, Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu uwaziri huo kufuatia vifo vya mahabusu Shinyanga, ingawa hakuhusika mwenyewe. Mwaka 1985 akawa Rais.

Suala la polisi limefika pia kwa Rais: mwaka 2023 tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais Samia, Ikulu ya Chamwino, ripoti kuhusu taasisi za haki jinai, polisi wakiwemo.