Majivu Yanayorutubisha Ziwa Victoria

Kuanzia Juni hadi Septemba, nyika na mashamba ya bara yanapochomwa, upepo wa kusi husukuma moshi kuelekea Ziwa Victoria. Wakazi wa Kanda ya Ziwa wanaijua hali hiyo: jua la magharibi hufifia, na vipande vyeusi vya nyasi zilizoungua hudondokea mitumbwi na chanja za dagaa. Watu hulalamikia vifua. Ziwa halitajwi, nalo ndilo linalobeba mzigo wa muda mrefu zaidi.

Majivu yana fosforasi, kirutubisho kilekile ambacho mkulima hukinunua kwenye mfuko wa mbolea. Fosforasi hiyo husafiri kwenye chembe za majivu na vumbi, kisha hutua au huteremshwa na mvua. Ziwa lenye takribani kilomita za mraba 68,800 haliwezi kuikwepa, hasa kwa kuwa karibu asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Mwaka 2005, Rashid Tamatamah na watafiti wenzake walichapisha makadirio kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani hutoka angani.

Anayeneemeka ni mwani wa kijani-bluu. Aina zake kadhaa hujichukulia nitrojeni hewani. Akipata na fosforasi, huzaana hadi maji yakawa mazito na mwanga usipenye. Akifa huzama, na bakteria wanaomwozesha humaliza oksijeni ya vilindini, samaki wakose pa kukaa. Lakini dhara linaloniuma zaidi limewapata samaki waitwao furu. Jike wa furu humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Katika maji machafu ya Ghuba ya Mwanza watafiti walikuta rangi za madume zimepauka na aina za furu zimepungua: majike hawatofautishi tena, aina zinachanganyikana na kupotea bila kuvuliwa.

Maji taka ya miji, chanzo kingine cha fosforasi, yanastahili kelele tunazoyapigia. Hata hivyo, bomba linaweza kuzibwa. Moshi wa wilaya ya mbali hauna wa kumshtaki, na faini za kijiji hazijauzima. Mkulima huwasha kiberiti kwa sababu vibarua ni ghali. Maofisa ugani wangemwonyesha hesabu nyingine: fosforasi inayopaa na moshi ilikuwa ya shamba lake, na msimu ujao ataifuata dukani kwa fedha taslimu.