Je, Tumpe Dawa Mtoto Asiyetulia?

Katika nyumba zetu za Mbeya na Iringa liko swali ambalo wazazi huulizana kwa sauti ya chini, watoto wakisha kulala. Mtoto ana miaka mitano. Hakai kitako hata amalize kula. Akitumwa chumvi, husahau njiani alilotumwa. Madrasa amekwisha rudishwa nyumbani, na katika darasa la awali jina lake ndilo liitwalo kutwa. Bibi yake asema ni utundu tu, utamtoka. Jirani asema ana jini. Ami yake asema kiko kidonge cha hospitali kinachowatuliza watoto wa namna hii. Baba akiogopa kidonge, mama amechoka. Wafanye nini?

Yafaa jambo hili lielezwe kwa utaratibu, kwani aikataaye dawa kwa hofu na aikimbiliaye kwa uchovu, wote wawili waweza kumdhulumu mtoto.

Hali hii madaktari huiita kwa herufi nne, ADHD. Maana yake ni upungufu wa makini pamoja na utukutu uliopita kiasi. Si jambo la jana. Mwaka 1902 daktari George Still alieleza habari za watoto wa namna hii mbele ya madaktari wenziwe mjini London. Na hesabu iliyokusanywa kutoka mabara mbalimbali na kutolewa mwaka 2007 ilikadiria kuwa watoto wapatao 5 katika kila 100 wanayo. Asili yake kubwa ni maumbile ya ubongo, nayo aghalabu hurithiwa. Basi asilaumiwe mama kuwa hakulea, wala asiitwe mtoto aliyelaaniwa.

Lakini si kila mtoto mtukutu ana hali hii. Mtoto wa miaka minne kukimbia na kuuliza maswali mia ni afya yake. Madaktari hawaipi hali hiyo jina mpaka alama zake zidumu miezi sita au zaidi, zionekane mahali zaidi ya pamoja, kama nyumbani na shuleni, tena ziwe zamharibia mtoto masomo na maisha yake. Mtoto ambaye ni mtukutu kwa mwalimu mmoja tu, huenda tatizo si lake.

Tena utazameni umri wake darasani. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 juu ya watoto zaidi ya 900,000 wa jimbo la British Columbia, nchini Kanada, ulionyesha kuwa watoto waliozaliwa mwezi wa Desemba, ambao huko ndio wadogo kuliko wote darasani, walipewa jina la ugonjwa huu na dawa zake mara nyingi kuliko wenzao waliozaliwa Januari. Hawakuwa wagonjwa zaidi. Walikuwa wadogo zaidi. Mzazi wa kwetu aliyemwingiza mwanawe darasa la kwanza mapema, ili asibaki nyuma, na alikumbuke jambo hili kabla ya kumkubalia mtu asemaye kuwa mtoto mgonjwa.

Kabla ya kuzungumza habari za kidonge, hapana budi mtoto apimwe. Mtoto atokwaye na usaha masikioni hasikii vizuri, nasi twamwita mkaidi. Asiyeona ubaoni huchezacheza. Iko namna ya kifafa isiyomwangusha mtoto. Humfanya azubae kwa nukta chache tu, kisha aendelee, na mwalimu hudhani kuwa hakusikiliza. Wako waliopatwa na malaria kali iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, wakapona lakini wakabaki na athari. Wako wasiolala vizuri usiku kwa kuwa pumzi huwaziba. Na wako walioingiwa na huzuni au hofu: mzazi amekufa, au nyumbani kuna kipigo.

Katika Nyanda za Juu Kusini liko pia funzo la zamani. Wazee wa huku wakumbuka jinsi uvimbe wa tezi la shingo ulivyokuwa jambo la kawaida, kwa sababu udongo wa milimani una upungufu wa madini joto. Upungufu huo huudhuru ubongo wa mtoto angali tumboni. Kuanzia mwaka 1986 serikali iligawa vidonge vya mafuta ya madini hayo katika wilaya zilizoathirika. Na uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kuwa watoto ambao mama zao walivipata wakati wa mimba walisonga mbele katika masomo kupita wenzao. Wengi waliodhaniwa kuwa wazito wa akili kwa tabia yao, kumbe walikosa kitu ambacho leo kimo katika chumvi iliyotiwa madini joto. Basi tusifanye haraka kuhukumu akili ya mtoto kabla hatujautazama mwili wake.

Ikiwa amepimwa na daktari ameyakinisha kuwa ni ADHD, swali la pili ni umri. Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, mashauri ya wataalamu yakaribiana: dawa si hatua ya kwanza. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, chataka wazazi wafundishwe kwanza njia za kumwongoza mtoto, na dawa ifikiriwe tu ikiwa njia hizo hazikutosha na taabu bado ni kubwa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 wakataza kumpa dawa aliye chini ya miaka mitano bila ya kupata shauri la pili la bingwa.

Sababu yake yajulikana. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani juu ya watoto wa miaka 3 mpaka mitano na nusu. Wazazi walianza kwa mafunzo ya majuma 10, na wako watoto waliopata nafuu kwa mafunzo hayo, wasihitaji zaidi. Waliobaki walipewa dawa iitwayo methilifenideti. Iliwasaidia, lakini kwa kadiri ndogo kuliko inavyowasaidia watoto wakubwa. Na katika kila 100, wapatao 11 waliiacha kwa sababu ya madhara yake.

Mafunzo hayo ya wazazi si mambo mageni. Mtoto apewe agizo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache, mzazi akiwa karibu naye na kumtazama usoni. Asifiwe papo hapo anapotenda jema, hata likiwa dogo. Saa za kula, kuoga na kulala zisibadilike ovyo. Adhabu iwe nyepesi, ya mara moja, wala isiwe ya hasira. Darasani akae mbele, na kila baada ya muda mfupi apewe kazi ya kumnyanyua: kufuta ubao, kugawa madaftari. Na katika madrasa asomeshwe aya chache, apumzike, kisha arudie. Mtume wetu (s.a.w.) alirefusha sijida yake kwa kuwa mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, asitake kumharakisha. Ikiwa hayo yalikuwa ndani ya sala, fimbo yetu juu ya mtoto asiyeweza kutulia tutaitolea udhuru gani?

Ama mtoto aliyetimia miaka sita na zaidi, mambo hubadilika. Ikiwa njia hizo zimejaribiwa kweli, naye angali apotelewa na masomo, akichukiwa na wenziwe na kujiona hafai, hapo dawa si aibu. Yaweza kuwa rehema.

Dawa yenyewe ina historia ndefu. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Rhode Island, Marekani, aliona ajabu: dawa ya kuamsha mwili iliwafanya watoto kadhaa watulie na kusoma. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon aliitengeneza methilifenideti nchini Uswisi, nayo ikaja kuuzwa kwa jina la Ritalin, lililotokana na jina la mkewe. Basi yapasa ieleweke kuwa dawa hii si ya kumlaza mtoto. Huiamsha ile sehemu ya ubongo ambayo kazi yake ni kuzuia na kuongoza. Ile ya kawaida hufanya kazi kwa saa nne hivi, kisha hutoka.

Madhara yake yajulikane pia: kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi, kuumwa na tumbo au kichwa, moyo kwenda mbio, na ukuaji kupungua kidogo. Kwa hiyo mtoto apimwe uzito, kimo, mapigo ya moyo na nguvu ya damu kabla ya kuanza, na tena kila mara. Ikiwa katika ukoo wako waliokufa ghafula kwa moyo wangali vijana, daktari aambiwe.

Wala dawa haiponyi moja kwa moja. Katika uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 1999, wa watoto 579 wenye umri wa miaka 7 mpaka 9, waliotibiwa kwa dawa na kuangaliwa kwa makini walipunguza alama za ugonjwa kuliko waliopata mafunzo peke yake. Lakini walipotazamwa tena baada ya miaka mitatu, tofauti ile ilikuwa imetoweka. Dawa humfungulia mtoto mlango. Kutembea ni kazi yake pamoja na wazazi na walimu.

Sasa laja jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji, nalo kwetu ni zito: umbali. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyo Mbeya ndiyo tegemeo la Nyanda za Juu Kusini. Kutoka Iringa ni safari ya kilomita zaidi ya 300. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, na Muhimbili iko Dar es Salaam. Mabingwa wa akili za watoto ni wachache mno nchini. Na methilifenideti imo chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa ziathirizo akili, basi si dawa ya kununuliwa dukani kama ya kichwa. Kwa hiyo mzazi na amwulize daktari: Dawa hii itapatikana wapi kila mwezi, na kwa bei gani? Nani atampima mwanangu hapa karibu? Tutajuaje kuwa yamfaa? Na tutaiacha lini? Dawa iliyoanzwa bila ya majibu haya ni safari iliyoanzwa bila ya nauli ya kurudi.

Wako waulizao kama kutumia dawa ni kupungukiwa na tawakali, au kama dawa ya kuamsha ni kileo. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu watafute tiba, na akafundisha kuwa kila ugonjwa Mwenyezi Mungu ameuwekea dawa. Kumsomea mtoto Kurani na kumwombea dua ni jambo jema, wala halipingani na hospitali. Na kipimo cha daktari hakikusudiwi kulevya, wala hakimlevyi mtoto. Mwenye shaka na amwendee mwanachuoni mwenye elimu ya fiqhi, akiwa na maelezo ya daktari mkononi.

Lililo haramu kwa yakini ni kumdhuru mtoto. Asipewe dawa ya mafua ili alale na nyumba itulie. Asipewe kidonge cha mtoto wa jirani. Asifungwe kamba. Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa atibuye watu naye hajui tiba, ana dhamana ya madhara atakayoyaleta.

Basi, enyi wazazi, jawabu kwa mtoto mdogo ni hili: mpimeni kwanza, mfundisheni kwanza, na mngojee kidogo akue. Akifika umri na haja ikithibitika, msimnyime dawa kwa kuogopa maneno ya watu, wala msimpe bila ya mtu wa kumwangalia. Mtoto ni amana, na amana huulizwa. Mwenyezi Mungu atupe subira na busara ya kuwalea, na awajaalie watoto wetu wawe vitulizo vya macho yetu. Amin.