Ngoma ya Rumanyika na Cheti cha Tovuti

Novemba 1861, kwenye ikulu yake ya Bweranyange, Omukama Rumanyika alimsimulia mgeni wake Mwingereza, John Hanning Speke, jinsi alivyoupata ufalme wa Karagwe. Baba yake Ndagara alipofariki, wakuu wa nchi waliweka ngoma ndogo mbele ya wanawe watatu. Ngoma ilikuwa nyepesi kama unyoya, ila imetiwa dawa: asiyestahili kiti hakuweza kuinyanyua. Ndugu wawili walihangaika nayo bure. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo.

Kinachonivutia katika simulizi hilo ni mantiki yake. Haikutosha kusema “mimi ndiye”. Mrithi alijulikana kwa tendo ambalo wenzake hawakuliweza, mbele ya mashahidi. Tovuti nayo hujitambulisha hivyo kila mwanafunzi wa Bweranyange anapofungua simu kuomba mkopo wa elimu ya juu au kutazama matokeo ya mtihani.

Seva hutuma kwanza cheti chake cha usalama. Ndani yake mna jina la tovuti, ufunguo wa wazi, tarehe za kuanza na kuisha, na saini ya mamlaka ya vyeti iliyokitoa, yaani taasisi ambayo vivinjari huiamini. Cheti hiki si siri. Hupewa kila anayebisha hodi, tapeli akiwemo. Asichopewa mtu ni ufunguo wa siri unaobaki kwenye seva. Kivinjari huitaka seva itie saini kwa ufunguo huo papo hapo, kisha huikagua saini kwa ule wa wazi. Mwenye nakala ya cheti bila ufunguo wa siri hafiki popote.

Ndiyo maana unaweza kukihifadhi bila kumdhuru mtu. Kwenye kompyuta yenye Firefox, bofya alama iliyo kando ya anwani, ingia kwenye maelezo ya muunganisho, fungua cheti, kisha shuka chini ukipakue katika muundo wa PEM. Kwenye Chrome, alama iliyo kushoto kwa anwani hukufikisha kwenye cheti, na sehemu ya maelezo yake ina kitufe cha kukitoa kama faili. Utakachopata ni faili dogo la maandishi lenye mafungu ya herufi na tarakimu. Kivinjari pia hukuonyesha alama ya kidole ya cheti: tarakimu na herufi 64 zinazokokotolewa kwa SHA-256. Ikibadilika herufi moja ya cheti, alama yote hugeuka.

Faida yake ni kulinganisha. Hifadhi cheti ukiwa kwenye mtandao unaouamini, kisha ukitazame tena ukiwa kazini au kwenye intaneti kafe. Alama ikitofautiana, usikimbilie kusema umeibiwa, kwa kuwa tovuti halali hubadilisha vyeti, na nyingine zina kadhaa kwa wakati mmoja. Tazama aliyekitoa. Ukikuta jina la kifaa cha ulinzi cha ofisi mahali pa mamlaka inayojulikana, basi kuna mtu katikati anayesoma mawasiliano yako.

Mwaka 2011 rekodi ya namna hii ilifichua wizi mkubwa. Wadukuzi waliingia kwenye DigiNotar, mamlaka ya vyeti ya Uholanzi, wakajitengenezea cheti cha uongo cha Google. Vivinjari vingi vilikikubali, maana saini ilikuwa ya kweli. Chrome ilikuwa imewekewa mapema orodha ya funguo zinazokubalika kwa tovuti za Google. Ikamwonya mtumiaji mmoja nchini Iran, naye akapiga kelele. Mwezi uliofuata DigiNotar ilifilisika.

Kuhifadhi cheti ni salama kabisa. Kukisakinisha kama mamlaka ni jambo jingine, nami ninalihofia sana: yeyote anayekuomba ufanye hivyo kwenye simu yako anaomba uwezo wa kujifanya tovuti yoyote. Kazakhstan iliwataka wananchi wake wasakinishe cheti cha serikali mwaka 2019. Agosti mwaka huo Google, Mozilla na Apple zikakizuia kwenye vivinjari vyao.

Nakala yako nayo itachakaa upesi. Mwaka 2025 watengenezaji wa vivinjari na mamlaka za vyeti walikubaliana kupunguza uhai wa vyeti kwa awamu, kutoka siku 398 hadi siku 47 ifikapo Machi 2029. Kwa hiyo andika tarehe kwenye jina la faili, na kila unapohifadhi cheti kipya, linganisha na cha zamani jina la mamlaka iliyokitoa.