Malaika ni wa nani? Vijana wa Ijara, kabla ya kupiga kava taja jina

Mwambie kijana yeyote pale Masalani akuimbie Malaika, ataimba. Muulize huo wimbo ni wa nani, hapo sasa ndipo maneno huanza. Mmoja atakwambia Miriam Makeba. Mwingine ataapa, wallahi, ni Boney M. Wa kumtaja Fadhili William atakuwa mzee aliyekaa pembeni na redio yake.

Fadhili, mwana wa Taita, aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na Jambo Boys. Kisa chake hakihitaji mkalimani huku Ijara: jamaa amependa, anataka kuoa, lakini mfukoni hana kitu. Kwingine wanaita mahari, huku ni yarad, na ng'ombe wa yarad hawapatikani kwa kuimba.

Kisha wimbo ukapata miguu. Mwaka 1965 Makeba na Harry Belafonte waliuimba pamoja katika albamu iliyoshinda tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mwaka 1981 Boney M wakaupeleka disko Ulaya. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akautia katika albamu yake ya Logozo. Hizo ndizo kava, yaani kuimba upya wimbo wa mwenzako. Bila kava, Malaika pengine ungebaki Nairobi na Mombasa tu.

Tatizo ni jina. Fadhili alidai wimbo ni wake. Lakini wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim, wengine Lucas Tututu wa Mombasa, wengine Grant Charo. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi bado upo. Wimbo unaojulikana dunia nzima, na watu bado wanauliza baba yake ni nani!

Usidhani ni shida ya Afrika peke yake. Kule Marekani, Big Mama Thornton alirekodi Hound Dog mwaka 1952. Ulipotoka mwaka 1953, ulikaa wiki 7 kileleni mwa chati ya muziki wa watu weusi. Mwaka 1956 Elvis Presley akauimba, tena kwa maneno yaliyokuwa yamegeuzwa na bendi nyingine, na wengi mpaka leo wanadhani ni wake. Mama Thornton alisema yeye aliambulia cheki moja ya dola 500. Lakini Jerry Leiber na Mike Stoller, waliotunga, majina yao yalikuwa kwenye karatasi. Kila kava ikitoka, mrabaha ulikuwa na pa kwenda. Mwimbaji alisahaulika, mtunzi akalipwa.

Sasa hapa ndipo watu wa Ijara wana jambo la kuwafundisha wengine. Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo gabay zilisafiri kwa mdomo, kutoka kisima hadi kisima, bila studio wala afisi ya hakimiliki. Hata hivyo kulikuwa na sheria: kabla hujaghani shairi la mtu, unataja aliyelitunga. Na ukilighani, hulipindui maneno upendavyo. Sayyid Mohamed Abdulle Hassan alifariki mwaka 1920, na mashairi yake bado yanaghaniwa kwa jina lake. Karatasi haikuwepo, lakini jina halikupotea.

Leo tuna simu zenye kila kitu, na jina linapotea kwa siku moja. Mama anatunga buraanbur kwa harusi ya bintiye, mtu anarekodi, mwingine anaweka biti, kufikia Ijumaa imefika Eastleigh na hakuna anayejua mama ni nani.

Kwa hivyo wewe unayepiga kava, fanya kama wazee: taja mtunzi mwanzoni, iwe kwa sauti au kwa maandishi chini ya video. Kama unataka kuuza, tafuta ruhusa kwanza. Na mama wa buraanbur naye aombwe kabla simu haijainuliwa.

Kwa wimbo wako mwenyewe, usingoje ubishi. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki huanza pale kazi inaporekodiwa au kuandikwa, na hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, si lazima, lakini cheti ni ushahidi siku mtu akikuruka. Andika maneno, weka tarehe, na kama mlitunga wawili, andikeni majina yote mawili siku hiyo hiyo, mkiwa bado mnapendana. Wakishaingia wanunuzi, kila mtu hukumbuka kivyake.