Rekodi za Mpira wa Kikapu Zisomwe kwa Kanuni za Zama Zake

Tarehe 7 Februari, 2023, LeBron James alimpita Kareem Abdul-Jabbar, aliyestaafu mwaka 1989 akiwa na pointi 38,387, na kuwa mfungaji bora wa wakati wote katika Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Marekani (NBA). Rekodi hiyo ni halali. Hata hivyo, haitoshi kuamua nani kati yao ni bora zaidi, kwa kuwa hawakucheza katika mazingira yaleyale.

Mstari wa pointi tatu ulianza kutumika NBA msimu wa 1979/80, wakati Abdul-Jabbar akiwa amekwishacheza misimu kumi. Katika ligi hiyo alifunga mtupo mmoja tu wa aina hiyo. James amefunga zaidi ya 2,000. Aidha, Abdul-Jabbar aliingia NBA mwaka 1969 baada ya masomo ya chuo kikuu, ilhali James aliingia mwaka 2003 akitokea moja kwa moja sekondari.

Upo pia ustadi ambao haukuhesabiwa kabisa. Bill Russell, aliyetwaa ubingwa mara 11 na Boston Celtics kati ya mwaka 1957 na 1969, alisifika zaidi kwa kuzuia mitupo ya wapinzani. Takwimu rasmi za mitupo iliyozuiwa zilianza msimu wa 1973/74. Hivyo kumbukumbu za ligi hazionyeshi hata mtupo mmoja aliouzuia.

Kwa msingi huo, kipimo chenye haki zaidi ni kumlinganisha kwanza kila mchezaji na wenzake wa msimu uleule, na kuona aliwazidi kwa kiasi gani. Takwimu za zama mbili zisiwekwe katika mizani moja kabla ya kutaja kanuni zilizozizaa.