Kompyuta Inayosahau Agizo

Katika maduka ya filamu ya Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, mteja hufika na flashi, akajaziwa filamu zilizosimuliwa kwa Kiluganda na mavijei kama VJ Jingo, akaenda zake. Nyumbani hahitaji intaneti, anahitaji programu ya kuzichezea tu. Wengi hutegemea VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, maana karibu hakuna faili inayoishinda. Sasa Windows ikijisasisha, pengine MP4 iliyokuwa ikifunguka kwa VLC hurudi kwenye programu ya Microsoft. Mwenye kompyuta humshuku kirusi, au fundi aliyeishika mwisho, na huenda wote wawili hawana kosa.

Kisa kimo ndani ya rejista ya Windows. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, chaguo la mtumiaji huandikwa mahali paitwapo UserChoice: jina la programu, na pembeni yake msururu wa herufi unaokokotolewa kutokana na aina ya faili, akaunti ya mtumiaji, programu yenyewe na saa ya kuchagua. Ni sawa na muhuri kwenye hati ya kiwanja. Programu ikijiandikisha bila muhuri halali, Windows hulitupa agizo na kurudisha chaguo-msingi lake. Ndiyo maana kuweka tiki ndani ya VLC hakutoshi. Sharti mtu mwenyewe aingie Settings, kisha Apps, kisha Default apps, aandike .mp4 na kuchagua VLC, halafu arudie kwa .mkv, .avi na .mp3. Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayoshika.

Watetezi watasema kufuli hilo lilihitajika, na ni kweli: zamani RealPlayer, QuickTime na wenzao walinyang'anyana faili bila haya. Ila mtengeneza kufuli naye ni mshindani sokoni. Julai 2015 Chris Beard, mkuu wa Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha intaneti, aliilalamikia Microsoft hadharani kwamba kuhamia Windows 10 kulikuwa kunafuta machaguo ya watumiaji. Wapo pia wasemao kubadilisha ni kazi ya dakika moja, kelele za nini? Jibu liko Ulaya. Machi 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya yuro milioni 497 na kuiamuru iuze pia Windows isiyo na Media Player. Toleo hilo likatoka kwa bei ileile, na karibu hakuna aliyelitaka. Watu hutumia wanachokikuta, na anayeamua wakute nini ameshawachagulia.

Kwa hiyo filamu yako ikifungukia pasipo pake baada ya sasisho, usikimbilie kumlipa fundi afute kirusi. Anza na Default apps, utazame .mp4 imeandikiwa nani.